Baraza Yetu ya Picha

Zamani katika nyumba nyingi za pwani palikuwa na mkebe wa biskuti uliotiwa picha. Mgeni akija, akisha kunywa kahawa, aliletewa mkebe ule, na kila picha iliyotolewa ilikuwa na khabari yake: huyu ni mjomba alipokwenda Hija, huyu ni marehemu shangazi siku ya harusi yake, na yule mtoto aliyefumba macho ndiye baba yenu. Picha zenyewe hazikuzidi arubaini, na kila moja ilijulikana. Leo kijana wa miaka kumi na mitano ana picha elfu tatu katika simu yake, na ukimwuliza ni ipi aipendayo, hana jawabu. Hatusemi haya kwa kuwalaumu vijana, kwani sisi wenyewe tulikuwa vivyo hivyo mpaka tulipojiunga na baraza tunayotaka kuwasimulia.

Baraza hii ipo Mombasa, katika Mji wa Kale, kwenye kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu. Hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya sala ya Alasiri mpaka karibu na Magharibi. Watu wake hawatimii kumi. Mwenye nyumba ni mwalimu wa skuli aliyestaafu, ambaye sote twamwita Maalim. Wengine ni fundi wa redio na simu, karani wa bandarini, wanafunzi watatu, na sisi tuandikao. Hapana hata mmoja wetu apataye riziki yake kwa picha. Twapiga kwa mapenzi tu, kama vile wengine wapendavyo kuvua kwa mshipi au kufuga njiwa.

Masharti ya baraza si mengi. Kila mtu huja na picha mbili zilizochapwa katika karatasi, ukubwa wa ukurasa wa daftari. Simu haziwekwi mkekani, kwa sababu picha iliyo katika simu husukumwa kwa kidole kabla jicho halijashiba. Picha haiandikwi jina nyuma. Huwekwa katikati, na kila aliyepo husema, kwanza lile alionalo, kisha lile alidhanilo. Na mwenye picha hunyamaza mpaka wote wamalize. Hilo la kunyamaza ndilo gumu kuliko yote. Tumewaona watu wazima, wenye wake na watoto, wakiuma midomo kwa kutaka kusema, "Lakini siku ile jua lilikuwa kali!"

Baada ya hapo picha zote hutiwa katika sinia zikaingizwa ndani, kwa Bibi wa nyumba na mabinti zake na jirani zake. Nao huzitazama, kisha maneno yao huja kwa kinywa cha mtoto mdogo. Wapo mabinti wawili wanaopiga picha wao wenyewe, na picha zao huja mkekani pamoja na zetu. Kwa kuwa hazina majina, mara nyingi tumezisifu tukidhani ni za mwanafunzi fulani. Na tukiri ukweli: rai za ndani aghalabu huwa kali na sahihi kuliko zetu. Siku moja karani alileta picha ya jahazi katika Bandari ya Kale, nasi tukaisifu kwa muda wa robo saa. Mtoto akarudi na sinia akasema, "Mama asema, bahari imeinama, maji yatamwagika." Tukatazama, na wallahi bahari ilikuwa imeinama.

Desturi hii ya kuoneshana na kusemezana si uzushi wetu. Huko Uingereza, tangu miaka ya mwisho ya karne ya 19, wapenda picha wanaoishi mbali mbali walizoea kupelekeana kisanduku kwa posta. Kila mmoja hutia picha yake, huandika maoni yake juu ya picha za wenziwe, kisha hukipeleka kwa anayemfuatia, mpaka kisanduku kizunguke kimrudie mwenyewe na maneno ya wote. Vyama vya namna hiyo vimeishi miaka mingi sana. Maalim ndiye aliyesoma khabari zake, akaona kwamba sisi tunaoishi hatua mia moja mmoja kwa mwenziwe hatuna udhuru.

Hapa pengine msomaji atatuuliza swali ambalo mzee mmoja apitaye kichochoroni hutuuliza kila mwezi: je, picha zafaa? Wanachuoni wamekhitilafiana katika jambo hili, nasi si watu wa kutoa fatwa. Twajua kwamba Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu mwaka 1914 hata 1920, aliandika kitabu juu ya picha za kamera, akaona kwamba kazi ya kamera ni kukizuia kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, si kuumba sura mpya. Wapo wengine wasiokubali hoja hiyo. Mzee wetu ni katika hao, nasi twamheshimu. Na yeye, baada ya kutukataza, huketi akatazama.

Lisilo na khitilafu ni kwamba elimu ya jambo lenyewe inadaiwa sana na Mwislamu. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na akafa Cairo karibu na mwaka 1040, alikaa katika chumba cha giza chenye tundu dogo, akaweka taa kadhaa nje, akaona kwamba kila taa yatupa nuru yake ukutani mahali pake mbali, wala nuru zile hazichanganyikani zinapopita tunduni. Aliandika pia risala juu ya umbo la jua linapopatwa, akaeleza kwa nini nuru yake ikipita katika tundu dogo huonekana kama mwezi mwandamo. Kamera si kitu ila chumba kile cha giza, kilichopunguzwa hata kikaingia mfukoni. Fundi wetu aliwahi kuifunga madirisha ya chumba cha juu cha Maalim kwa mablanketi, akaacha tundu la ukubwa wa punje ya mtama. Tukaona ukutani nyumba ya pili, na kamba ya nguo, na kunguru, vyote vikiwa kichwa chini. Watoto walipiga kelele. Sisi wazee tulinyamaza kwa sababu nyingine.

Na aliyepiga picha za kwanza zijulikanazo za Madina na za Makka naye hakuwa mpiga picha kwa kazi. Muhammad Sadiq Bey alikuwa askari wa Misri, mjuzi wa kupima ardhi. Mwaka 1861 alipelekwa kupima njia, akachukua kamera pamoja na vyombo vyake vya upimaji, akapiga picha ya Madina. Na mwaka 1880 akarudi Hijazi akiwa mtunza fedha wa msafara wa Mahmal, akapiga za Makka. Picha za zama zile zilipigwa juu ya vioo vilivyopakwa dawa, na kioo kilikuwa sharti kitumike na kusafishwa kabla dawa haijakauka. Fikiri kufanya hayo katika joto la Hijazi! Vijana wetu wakilalamika kwamba simu imeishiwa na moto, Maalim huwakumbusha Sadiq Bey.

Sasa tuseme yale yanayozungumzwa hasa mkekani, maana baraza isiyofundisha ni porojo.

Mkosa wetu mkubwa watu wa pwani ni kanzu. Mtu humpiga picha babake siku ya Idi, amevaa kanzu nyeupe pe, amesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Picha ikitoka, kanzu ni ya kijivu kama imefuliwa kwa maji ya mtaro, na uso wa mzee umekuwa giza tupu. Sababu yake ni hii. Kamera haijui kanzu ni nini. Hupima mwanga wote uliopo mbele yake, ikadhani kwamba dunia yote, ikichanganywa, ni ya rangi ya kijivu cha katikati. Ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, basi hupunguza. Ikiona buibui nyingi nyeusi hudhani mwanga umepungua, basi huongeza, na weusi ukapauka. Kwa hiyo mpigaji hana budi kuisahihisha kwa akili yake: penye kanzu, aongeze mwanga, penye buibui, apunguze. Hata simu yaweza kufanya hivyo, ukiugusa uso wa mtu kwa kidole kabla hujapiga. Tangu Maalim atueleze jambo hili, picha za Idi katika mtaa wetu zimebadilika.

Jambo hili lina na upande wa uchungu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani ilizipelekea maabara za kusafisha picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ili rangi zipimwe kwa ngozi yake. Na picha iliyosawazishwa kwa ngozi yake haikuwa lazima isawazike kwa ngozi zetu. Imesimuliwa kwamba malalamiko yaliyosikilizwa kwanza yalikuwa ya watu wa matangazo ya chokoleti na ya samani za mbao, ambao waliona weusi wa bidhaa zao hautokei vizuri. Karani aliposikia hayo aliwaza kidogo, akasema kwamba picha ya harusi ya mamake ina sahani ya keki inayoonekana kila chembe, na wajomba watatu wasioonekana ila meno. Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Jua letu nalo lataka kujulikana. Mombasa ipo digrii nne tu kusini ya mstari wa Ikweta, basi saa sita mchana jua hukaa juu ya utosi. Nyusi hutupa kivuli machoni, kofia hutupa kivuli usoni, na mtu mwema huonekana kama mwizi. Mwenye hekima hupiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Na akilazimika mchana, humsogeza mtu wake mlangoni, ndani kidogo ya kivuli, uso ukielekea nje. Vichochoro vyetu ni hazina kwa kazi hii, kwani nuru hushuka kutoka juu baina ya nyumba mbili, ikagonga ukuta mweupe, ikarudi laini. Wapiga picha wa ng'ambo hununua vitambaa na taa ili wapate mwanga kama ule, nasi twaupata bure tukienda kununua mkate.

Maalim mwenyewe hutumia kamera ya zamani ya filamu, na kipimo chake cha mwanga kimekufa siku nyingi. Hupima kwa jicho, kwa kanuni ya wazee wa fani: jua likiwa wazi, filamu ya nambari 100, tundu la lenzi liwekwe 16, na mlango wa kamera ufunguke kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Filamu moja ina picha 36, nayo humtosha miezi mitatu. Mwanafunzi mmoja alimwuliza kwa nini asipige mia achague moja. Maalim akamjibu, "Mwanangu, mimi huchagua kwanza, kisha napiga."

Tuje kwenye ulimi, ambao ndio ulioivunja baraza hii mara moja, na kosa lilikuwa letu sisi tuandikao. Rafiki mmoja, mtu mpole afanyaye kazi dukani, alileta picha ya machweo ya jua Likoni. Ilikuwa kama machweo yote. Nasi tukasema, kwa kutaka watu wacheke, kwamba karatasi yake ni nzuri kwa kufungia karanga. Watu walicheka. Yeye naye alicheka. Mwezi uliofuata hakuja, wala wa pili, wala wa tatu. Wa nne tukamwendea nyumbani, na huko tukaambiwa lile ambalo sharti la kunyamaza lilimzuia asiliseme: picha ile aliipiga akiwa ndani ya feri, akitoka hospitali, jioni alipoambiwa kwamba mkewe amepona. Tulitaka radhi, naye akasamehe upesi kuliko tulivyostahili. Picha bado ilikuwa kama machweo yote. Lakini tangu hapo tumeongeza sharti moja: wote wakisha kusema, mwenye picha huulizwa, "Nawe, ulikuwa wapi ulipoipiga?"

Kijana mmoja, baada ya khabari hiyo, alisema ni heri basi mtu apige picha zake na kuzifungia sandukuni. Maalim akamsimulia Vivian Maier, yaya wa watoto huko Chicago, aliyepiga picha zaidi ya laki moja za watu wa njiani, na karibu zote asimwoneshe mtu. Filamu nyingi hakuzisafisha kabisa. Mwaka 2007 mali yake iliyokuwa ghalani ilipigwa mnada kwa sababu ya kodi, wageni wakazinunua picha, na mwaka 2009 akafa kabla ulimwengu haujamjua. Leo zatazamwa katika makumbusho. Kijana akasema, "Basi alifaulu!" Maalim akamwuliza nani alimwambia neno juu ya picha hata moja katika maisha yake yote. Tuliachana siku ile pasipo kukubaliana, na mpaka leo twaona kila mmoja ana haki yake.

Limebaki moja, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Twaliandika kwa ruhusa ya mwenyewe, kwa sharti kwamba jina lake na mtaa wake tusivitaje.

Mwanafunzi mdogo kuliko wote, kijana wa miaka kumi na tisa, alileta picha ambayo ilitunyamazisha. Ni alfajiri, watu wametoka msikitini. Bibi mmoja mzee ameketi mlangoni mwake auza mahamri na mbaazi. Mvuke wapanda kutoka chunguni, nuru yamshukia upande mmoja wa uso, na mkono wake umemnyoshea mtoto hamri. Leso imemteleza kichwani, na nywele zake nyeupe zang'aa kama fedha. Maalim aliishika muda mrefu, akasema kwamba kwa mwaka mzima haijaletwa picha mkekani iliyo bora kuliko hii. Kijana alikuwa ameshaichapisha kubwa kwa akiba yake, ili aipeleke kwenye maonesho.

Sinia ikaingia ndani, ikakawia. Iliporudi, picha ile ilikuwa imelazwa kifudifudi. Mtoto akasema, "Mama auliza, huyu bibi aliombwa?"

Hakuombwa. Kijana alikuwa amesimama pembeni ya kichochoro. Ndipo Bibi wa nyumba aliposema mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, jambo ambalo halijapata kutokea. Alisema anamjua bibi yule. Kwamba ni mjane. Kwamba wanawe walio mbali humpelekea fedha na hudhani amepumzika, naye huuza mahamri kwa kuwa hapendi kukaa bure. Kwamba jirani wote wamemfichia siri hiyo. Na kwamba leso haikuteleza kwa ajili ya watu wa maonesho.

Tulibishana. Fundi alisema njia ni ya watu wote, na atakayesimama njiani huonekana. Karani akasema njia ni ya watu wote, lakini uso ni wake. Kijana hakusema neno, ijapokuwa wote tulikuwa tumemaliza na zamu ilikuwa yake.

Siku ya pili alikwenda kwa bibi yule pamoja na mamake, amechukua picha kubwa, akambusu mkono akasema, "Bi mkubwa, niwie radhi." Bibi akaitazama picha, akasema, "Kumbe nimezeeka hivi!" Akamwuliza maswali mengi juu ya gharama ya karatasi. Kijana akaifuta picha ile katika simu mbele yake, na ile ya karatasi akamwachia. Bibi akaiweka chini ya mto, akamwambia, "Njoo Ijumaa baada ya sala, nitakuwa tayari." (Wanawe wamekwisha kujua khabari ya mahamri, amewaambia mwenyewe.)

Ijumaa alimkuta ameketi kitini mbele ya mlango, amevaa leso mpya na mtandio wake wa harusi za watu, miguu pamoja, mikono magotini, chungu hakipo. Jua lilikuwa juu ya utosi. Kijana alitaka kumsogeza kivulini akaona haya. Akapiga moja.

Ndiyo aliyoileta mkekani mwezi uliofuata, kwa ruhusa. Macho yamo kivulini, mlango umekatwa juu, na bibi anatutazama kama atazamaye afisa wa paspoti. Karani akaanza, kama yapasavyo, kwa lile alionalo: "Naona bibi ameketi kitini." Fundi akasema naye anaona bibi ameketi kitini, na kwamba leso ni nzuri. Sisi tukasema vivyo hivyo. Hapana aliyetaja kivuli.

Sinia ikaingia ndani. Iliporudi tulihesabu picha, tukakuta imepungua moja. Mtoto akasema, "Mama asema ile hairudi."

Kijana akatia mkono katika bahasha, akatoa picha yake ya pili. Ilikuwa ya paka.